Njia Mbili za Kulwa na Doto

"Mama Kamili, hivi umeme nao una karani wake, kama pamba?"

Swali hilo lilirushwa juu ya ua wa manyara na Mwamvua, muuza vitumbua, asubuhi moja ya masika, mwaka 1973, pale misheni ya Nyamagalo upande wa Ushirombo. Alikuwa amemwona jirani yake akipita na kisanduku cheusi chenye mshale ndani ya kioo, amekikumbatia kama mtu aliyebeba mayai.

Epifania, ambaye kila mtu alimwita Mama Kamili, alisimama. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. Ukimwuliza njia ya kisimani alikuwa kwanza anatazama mbali, kana kwamba kisima kingeweza kuwa kimehama usiku.

"Anaye," alisema mwishowe. "Ndiye huyu nimembeba."

"Na anapima kwa kilo?"

"Kwa ampea."

"Makubwa!" Mwamvua akacheka, akageuza kitumbua. "Basi mpe salamu zangu, asiwapunje watu kama wale wa mizani ya pamba kwenye chama cha ushirika."

Epifania alicheka kidogo, lakini miguu yake haikucheka. Ilikuwa na haraka. Kwenye zahanati ya misheni walikuwa wamelazwa watoto wawili wa siku nne, Kulwa na Doto, mabinti wa Masele mchunga ng'ombe, waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Walikuwa wadogo kiasi kwamba mtu angeweza kumweka mmoja ndani ya kofia ya Padri. Na walikuwa wakipoa.

Ili umwelewe mama huyu na kisanduku chake, yafaa kwanza ujue alikotoka.

Alizaliwa kijiji cha jirani, baba yake akiwa mkulima wa mihogo na karanga, mkatekista wa siku za Jumapili. Masista walimsomesha hadi darasa la nne. Hapo ndipo shule ya wasichana ilipokomea siku zile, na hesabu za desimali zilikuwa zimeanza wiki tatu tu kabla ya kufunga. Aliolewa na kijana aliyekwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Yule kijana alirudi mara mbili na sukari na kanga. Mara ya tatu ilirudi habari tu, kwamba homa imemchukua. Epifania akabaki na mtoto mmoja, Kamili, na kazi ya kufua na kupiga pasi nguo za altare. Kazi hiyo aliishika kama sala. Alikuwa akisema kitambaa cha altare hakina upande wa nyuma, kwa maana Mungu anakiona pande zote.

Miaka kumi alipiga pasi ya mkaa. Kisha Bruda Herman, mzungu mrefu aliyesimamia useremala na mitambo, akaleta injini ya dizeli, na siku moja akamletea Epifania pasi ya umeme. Aliichomeka, na taa ya chumba ikafifia kidogo. Wengine wangeshukuru wakaanza kazi. Epifania aliitazama ile taa.

"Bruda," akasema, "hii pasi imeichukulia taa chakula chake?"

Bruda Herman alikuwa ameishi Usukumani miaka kumi na minane akiulizwa misumari na rangi. Hilo lilikuwa swali la kwanza la namna yake. Akavuta kiti, akang'oa karatasi ya kalenda ya mwezi uliopita, akaandika nyuma yake.

Volti, alimwambia, ni nguvu ya kusukuma. Ampea ni wingi wa kinachopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani ulaji wa chombo. Ukigawanya volti kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani, jinsi chombo kinavyokataa kupitisha. Epifania hakulipenda neno ukinzani; akaliita ubishi, na kwake likabaki ubishi maisha yake yote.

Wakapima pasi kwa mita ya Bruda, kile kisanduku cheusi chenye mshale. Volti 220, ampea nne na nusu. Akazidisha kwa kalamu ya risasi, ulimi umetoka pembeni kama mtoto: 990. Bruda akageuza pasi, akamwonyesha kibati chake. Kilikuwa kimeandikwa 1000.

Epifania alikigusa kibati kwa kidole. Kwamba yeye, kwa kuzidisha tu, alikuwa ameufikia karibu kabisa ukweli ulioandikwa na watu wa kiwandani asiowajua! Aliona kama amegonga mlango akasikia mtu anajibu ndani. Kisha akagawanya: 220 kwa 4.5, omu 49. Akapima na balbu, akapata omu karibu 490, mara kumi ya pasi.

"Kwa hiyo mwenye ubishi mdogo ndiye anayekula zaidi?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kama walevi," alisema Epifania. "Asiyekataa ndiye anayemaliza mtungi."

Tangu siku hiyo alikuwa akipima kila kitu: redio ya Padri, feni, mashine ya kuchana mbao. Mbao zilipokuwa ngumu mashine ilikula ampea zaidi, na yeye aliweza kutambua mninga na mkuyu kwa kutazama mshale bila kuuona mti. Bruda alipokwenda likizo kwao Ulaya mwanzoni mwa mwaka 1973, alimwachia kile kisanduku pamoja na ufunguo wa chumba cha injini. Wanaume wa karakana hawakuifurahia sana habari hiyo.

Sasa turudi kwa watoto.

Mama yao, Sikujua, alikuwa amelala na homa kali tangu uchungu, hana nguvu hata ya kuwakumbatia. Usiku bibi yao, Zipora, aliwalaza kifuani pake na chupa za maji ya moto pembeni. Mchana, injini ikiwa inawaka, Sista Eufrasia muuguzi alitaka walale kwenye visanduku viwili vya mbao, kila kimoja na balbu ya wati mia moja juu ya kikapu cha waya, iwatie joto kama kuku anavyoatamia. Barabara ya hospitali kubwa ilikuwa imekatwa na mvua. Daraja lilikuwa limelala mtoni. Hakukuwa na njia nyingine.

Visanduku vilitengenezwa na Nkwabi, fundi wa misheni, mtu wa mikono mizuri na mdomo mrefu. Ila waya ulipangwa na Zipora.

Ndiyo, Zipora, ambaye hakuwahi kugusa swichi. Kwa Wasukuma pacha hawana mchezo. Kulwa ndiye wa kwanza kutoka, Doto anamfuata. Anachopewa Kulwa, Doto apewe hichohicho, siku hiyohiyo, na kianzie kwa Kulwa. Ukikosea hapo umeita ugonjwa. Na Zipora alikuwa na jeraha lake: yeye mwenyewe alizaliwa Doto, na Kulwa wake alizikwa akiwa na wiki tatu. Watu walisema alikwenda kwa kuwa walilazwa nyumba mbili tofauti. Alikua na neno hilo. Basi Nkwabi alipokuja na waya, Zipora alisimama mbele yake na fimbo.

"Upite kwa Kulwa kwanza," alisema. "Ukitoka kwa Kulwa ndipo uingie kwa Doto. Waya mmoja. Usiwagawe watoto wangu."

Nkwabi alifanya alivyoambiwa. Umeme ukaingia kwenye balbu ya Kulwa, ukatokea upande wa pili, ukaingia kwenye balbu ya Doto, ukarudi nyumbani. Taa ziliwaka, zote mbili, nyekundunyekundu kama makaa yaliyosahaulika. Kipimajoto cha Sista kilitakiwa kufika thelathini na mbili. Kilisimama ishirini na saba, kikakaa hapo siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu Doto alikataa kunyonya kitambaa cha maziwa, na vidole vyake vilikuwa vya bluu.

"Injini imechoka," alisema Nkwabi. "Niongeze mwendo wake."

"Ukiongeza mwendo utaunguza balbu," alijibu Epifania, aliyekuwa amekuja kuchukua mashuka. "Na tunazo tatu tu."

"Mama wa pasi," alisema Nkwabi kwa upole wa mtu anayemfukuza kuku, "mimi nimekaa Geita mgodini miaka sita. Umeme umeninyakua mkono huu. Wewe umekunyakua wapi? Rudi kwenye mikunjo yako."

Watu walicheka. Epifania alichukua mashuka akaondoka. Njiani alisali Salamu Maria moja, akaongeza na lake dogo: Mama, kama ni kiburi nizuie, kama siyo nisukume. Hakuzuiwa. Ndipo alipokwenda kuchukua kisanduku, na ndipo Mwamvua alipomwuliza habari za karani.

Alianzia chumba cha injini. Volti hupimwa bila kukata kitu, miguu miwili ya mita unaigusisha pande mbili. Mshale ulisimama kwenye 220, imara. Injini haikuwa imechoka hata kidogo. Akaenda chumba chake cha pasi, akachukua ile balbu ya tatu, ya akiba, akaipima peke yake. Ampea ni tofauti: lazima ukate njia, umkalishe karani katikati, ili kila kinachopita kipitie mbele yake. Mshale ukasema 0.45. Akazidisha: 99. Balbu imeandikwa 100. Vizuri. Balbu nzima, injini nzima.

Basi ugonjwa ulikuwa njiani.

Alirudi zahanati. Nkwabi alikuwa amekwenda kula. Epifania alimwomba Sista Eufrasia azime kwa dakika mbili, akafungua kiungo cha waya, akamkalisha karani, akawasha. Aliandika alichokiona kwenye kiganja chake kwa kalamu, akarudisha kiungo, akaketi kwenye benchi la wagonjwa akapiga hesabu.

Mara ya kwanza alipata 660.

Alishtuka. Wati 660, na watoto wanatetemeka? Moto wa namna hiyo ungeunguza visanduku. Aliitazama tena ile namba kiganjani, na hapo akaona kosa lake la darasa la nne, la zile wiki tatu za desimali: alizidisha kwa tatu, na mshale ulisema 0.3. Akafuta, akaanza upya, polepole, kidole kwenye nukta. 220 mara 0.3. Sitini na sita.

Sitini na sita kwa taa mbili. Thelathini na tatu kila mtoto.

"Sista," alisema, "watoto hawa wanakula theluthi. Kila mmoja amewekewa chakula cha mia, anapata thelathini na tatu."

"Nani anakula kilichobaki?"

"Hakuna anayekula. Hakifiki. Umeme unakutana na ubishi wa balbu ya Kulwa, na baada ya hapo unakutana na ubishi mwingine wa Doto. Ubishi mara mbili mfululizo. Unaopita ni mchache, na huo mchache wanagawana."

Sista Eufrasia alitazama kipimajoto, akamtazama Doto. "Unaweza kurekebisha?"

"Kwa dakika kumi. Lakini si mimi wa kuruhusu."

Zipora alikuwa amekaa sakafuni kati ya visanduku viwili, mkono mmoja kwenye kila kimoja. Epifania alipiga goti.

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mdudu gani huyo?"

"Nimekuja kuomba, mayu. Kila mtoto apewe njia yake ya umeme."

Fimbo iligonga sakafu. "Hapana. Niliwahi kugawanywa mimi. Unajua alilala wapi Kulwa wangu?"

"Najua, mayu. Nimesikia." Epifania hakuinuka. Alitafuta neno, akitazama mbali kama desturi yake, na macho yake yakapita dirishani, bondeni, ambako vijana walikuwa wakiswaga ng'ombe wa Masele kwenye josho la serikali. Akaliona alilokuwa akilitafuta.

"Mayu, ng'ombe wenu mnawaogesha pale?"

"Kila wiki."

"Kile kichochoro cha josho ni chembamba. Wachungaji wanasukuma nyuma kwa nguvu zao zote, na bado ng'ombe wanapita mmojammoja."

"Ndivyo."

"Sasa serikali ikijenga josho la pili mbele ya lile la kwanza, ng'ombe akitoka kichochoro kimoja aingie kingine, na wachungaji ni walewale. Watapita wengi au wachache?"

Zipora alimtazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Wachache. Watajibana. Nani atajenga hivyo? Josho la pili unalijenga pembeni, lango lake lenyewe, na kundi linaingia pande mbili kwa mara moja."

Alikuwa amejijibu mwenyewe na alijua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kaburi la wiki tatu ni kitu kingine.

"Taa ya Kulwa ikizimika sasa hivi," aliuliza kwa sauti ndogo, "ya Doto inakuwaje?"

Epifania hakujibu kwa mdomo. Alijizungushia kanga mkononi, akaishika balbu ya Kulwa, akailegeza robo mzunguko.

Taa zote mbili zikafa.

Epifania akaikaza balbu, zile taa nyekundu zikarudi. Zipora alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Niliwafunga ili asiende mmoja," alisema. "Kumbe nimewafunga waende wote." Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye waya. "Fungua."

"Na Kulwa ataanza, mayu," alisema Epifania. "Nitafunga njia ya Kulwa kwanza, halafu ya Doto, umeme ukiwa umezimwa. Swichi ni moja. Utaibonyeza wewe, na watapata kwa dakika ileile, kipimo kilekile."

Nkwabi aliporudi kutoka kula, mabaki ya ugali bado kidoleni, alimkuta mama wa pasi amepiga magoti akimenya waya kwa meno. Alifungua mdomo. Sista Eufrasia akamwonyesha kiganja cha Epifania chenye namba. Nkwabi alizisoma, akazisoma tena, midomo ikicheza. Alikuwa na mdomo mrefu, lakini hakuwa mtu mbaya. Akachuchumaa, akatoa koleo mfukoni.

"Acha meno, mama, bado unayahitaji," alisema. "Nipe huo upande wa Doto." Na alipokuwa akikaza skrubu alinong'ona, "Kumbe niliwapanga watoto wachanga foleni, kama tunasubiri sukari."

"Ni bibi aliyekuagiza."

"Na mimi ndiye fundi, nikaitikia."

Zipora aliongozwa hadi ukutani. Aliigusa swichi kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa, akasema maneno fulani kwa Kisukuma ambayo hakuna aliyeyatafsiri, akabonyeza.

Mwanga mweupe ulijaa visanduku vyote viwili kwa mara moja, hata Kulwa akakunja uso. Epifania alimkalisha karani wake mara ya mwisho: 0.9. Akazidisha moyoni, kwa kuangalia nukta. Mia moja na tisini na nane. Karibu mia kwa kila mmoja, hakuna aliyemtangulia mwenzake.

Saa tano kipimajoto kilikuwa ishirini na tisa. Adhuhuri, kengele ya Malaika wa Bwana ilipolia, kilikuwa thelathini na moja, na Epifania alisali akiwa na jicho moja wazi. Saa nane kilifika thelathini na mbili. Vidole vya Doto vilikuwa vimerudi rangi yake, na Sista alipomgusisha kitambaa cha maziwa midomoni, alikikamata akavuta.

"Wabeja," alisema Zipora, asante. Alilisema mara tatu, na mara ya tatu alikuwa akilia.

Watoto walikaa kwenye visanduku wiki tano. Mama yao Sikujua alipona, akawachukua nyumbani, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akibadilisha kila baada ya hatua mia ili asimpendelee mtu. Nkwabi hakumwita tena Epifania mama wa pasi; alimwita Karani, na jina likamkaa. Hadi leo Nyamagalo wazee wanamwita hivyo. Injini ile aliitunza miaka kumi na minne, na vitambaa vya altare havikuwahi kukosa pasi. Mwamvua aliendelea kumrushia maswali juu ya ua, na mengine hakuweza kuyajibu, jambo lililomfurahisha kuliko yale aliyoyaweza.

Kwa maana swali moja lilimnyima usingizi yeye mwenyewe. Balbu moja ilikuwa na omu 489. Mbili zikifuatana zilipaswa kuwa na 978. Lakini siku ile, 220 kugawanya kwa 0.3, alipata 733. Alirudia hesabu mara nyingi, akihofia desimali zake. Nukta ilikuwa mahali pake. Ubishi ulikuwa umepungua, na hakujua umekwenda wapi.

Watu wa Masele walipomletea mbuzi wa shukrani, alimpeleka jikoni kwa Masista. Walipomwuliza basi yeye binafsi anataka nini, alisema anachokitaka hakipo Nyamagalo, kipo Ulaya. Jioni ile aliketi na daftari la Kamili akaandika barua. Nakala yake bado ipo kwenye daftari hilo, kati ya imla na hesabu za mtoto, na mwisho wake ni huu:

"Bruda, watoto wote wawili ni wazima, injini ni nzima, na mita yako nimeifunika kwa kitambaa safi. Nina ombi moja. Naomba unieleze kwa nini balbu mbili hazikufika 978. Mimi nadhani ule uzi wa ndani ukiwaka kwa moto mdogo unakuwa na ubishi mdogo, na ukiwaka sana unakuwa mbishi zaidi. Kama ndivyo, niambie ndivyo. Kama sivyo, usinihurumie, niandikie hesabu yote kwa urefu, nami nitaifuata polepole."